Kabla kaka hajafunga mizigo: kadi za kununua na za kuacha mwaka 2026

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanga, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, namsaidia mama biashara ya dagaa. Tupo vijana saba tunaocheza kadi za Pokémon kila Jumamosi. Nimeweka akiba tangu Septemba, na kaka yangu aliyeko Dar anakuja nyumbani mwishoni mwa Januari. Amesema nimtumie orodha ya kadi ninazotaka. Seti mpya zinatangazwa kila kukicha, sijui nishike ipi. Nataka mwaka 2026 niwe mshindani kweli, siyo bingwa wa kijiweni tu. Ninunue nini? Halafu mama anasema karata ni karata, zote kamari. Nimjibuje?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na kaka, maana safari yake ina tarehe. Orodha utakayomtumia iwe fupi, na isiwe na pakiti hata moja ya kufungua. Iwe ya kadi mojamoja, kila moja kwa jina lake, na kaka asitoe pesa kabla hajatazama pembe ya chini kushoto ya kadi. Pale pana herufi ndogo. Mwaka wako mzima wa mashindano umo kwenye hiyo herufi.

Mashindano rasmi ya Pokémon, mchezo wa kadi ambao kila mtu anapigana kwa fungu lake la kadi 60 za viumbe wa kubuni na wasaidizi wao, huchezwa zaidi kwa mfumo uitwao Standard, na mfumo huo haupokei kadi zote zilizowahi kuchapishwa. Mara moja kwa mwaka herufi kongwe kuliko zote huondolewa. Tarehe 14 Aprili 2023 iliondoka D. Tarehe 5 Aprili 2024 ikaondoka E. Tarehe 11 Aprili 2025 ikaondoka F, zikabaki G, H na I. Mwaka 2026 zamu ni ya G, na ukiziangalia tarehe hizo tatu unaona mwenyewe kwamba jambo hili ni la Aprili. Kwa hiyo kadi yenye G ambayo kaka atakuletea mwisho wa Januari itakutumikia Februari na Machi, basi. Charizard ex ya seti ya Obsidian Flames, ambayo najua angalau wawili kati yenu wanaiota usiku, ina herufi G.

Wewe ni mtoto wa dagaa, hili unalijua kuliko mimi wa bara. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika hapangi kazi kwa kalenda ya ukutani. Anapanga kwa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa zake hazivuti samaki, anabaki nchi kavu anashona nyavu. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, nani pale Kigoma alinunua nyavu mpya wiki ya kwanza ya Mei? Mchezo wetu nao una giza lake na mbalamwezi yake. Mwaka wa kadi hauanzi tarehe 1 Januari. Unaanza Aprili, herufi inapotoka, na yote unayofanya kuanzia sasa hadi hapo ni maandalizi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Februari 2024 nilikuwa nimeipenda Mew VMAX ya seti ya Fusion Strike kupita kiasi. Nikachukua pesa niliyolipwa kwa kusahihisha mitihani, nikaagiza fungu zima la kadi 60 kwa mtu aliyekuwa safarini. Lilinifikia hapa Tabora katikati ya Machi. Nikalicheza Jumamosi tatu. Aprili 5 herufi E ikatoka na Mew VMAX ikatoka nayo. Hakuna aliyenidanganya, tarehe ilikuwa imetangazwa miezi kabla. Sikuwa nimetazama pembe ya kadi. Fungu lile bado ninalo, nalitumia kuwafundishia wanaoanza, na kila ninapolifungua nawaonyesha kwanza ile herufi.

Sasa cha kununua. Tafuta H, I na zitakazofuata. Anza na kadi za msaada ambazo fungu lolote linazihitaji, kwa sababu utabadili Pokémon wako mara tatu kabla mwaka haujaisha, lakini hizo zitabaki. Buddy-Buddy Poffin na Night Stretcher zote ni H. Nne za ile ya kwanza, mbili au tatu za pili. Kuna nafuu moja ambayo watu wengi hawaijui: kadi ikichapishwa tena ikiwa na herufi mpya, nakala zako za zamani za kadi hiyohiyo zinaruhusiwa pia. Ultra Ball na Boss's Orders zimechapishwa upya katika seti ya Mega Evolution iliyotoka Septemba 2025. Kwa hiyo zile Ultra Ball zenu zilizochakaa pembe bado ni halali, msizitupe wala msizinunue tena.

Kwa upande wa Pokémon wa kujenga fungu, mimi ningekuelekeza kwa Dragapult ex ya seti ya Twilight Masquerade. Ni H, kwa hiyo Aprili haimgusi. Shambulio lake la Phantom Dive linampiga aliye mbele madhara 200, kisha unagawa alama sita za madhara kwa walioko benchi la mpinzani utakavyo mwenyewe. Lakini sababu yangu siyo hizo nguvu. Drakloak, yule wa kabla yake, kila zamu anakuruhusu kutazama kadi mbili za juu ya fungu na kuchukua moja, nyingine inakwenda chini. Kwa anayejifunza, hiyo ni shule: kila zamu unalazimika kuchagua, na kila uchaguzi unaweza kuujadili na wenzako baadaye. Fungu linaloshinda kwa kupiga tu halikufundishi chochote.

Mwisho wa Januari inatoka seti ya Ascended Heroes, na kelele zake ndizo zitakazokuwa zinasikika kaka akiwa anafunga mizigo. Iache ipite. Zile Mega Pokémon ex utakazoziona zinang'aa kwenye picha zina nguvu kweli, ila kila mmoja akiangushwa mpinzani anachukua kadi tatu za tuzo badala ya moja, na tuzo zenyewe ni sita; anayezimaliza zake ndiye mshindi. Ukiangushiwa wawili, umeshapoteza. Nani anazimudu na nani zinamwangusha itajulikana baada ya miezi miwili ya mashindano ya wenzetu huko nje. Bei nazo zitakuwa zimetulia.

Na kaka awe na tochi ya simu. Kadi halisi ina tabaka jeusi katikati ya karatasi. Ukiimulika kwa nyuma mwanga unapita kwa shida. Ya bandia mara nyingi inawaka kama karatasi ya daftari. Alinganishe pia rangi ya bluu ya mgongoni na kadi nyingine anayoiamini. Muuzaji akikataa kadi isimulikwe, kaka aondoke.

Hapo nimemaliza habari ya pesa. Sasa nikae kwenye kitu ambacho hakiuzwi, na nakuomba uniruhusu niwe mwalimu wa hesabu kwa muda, maana hapa ndipo bingwa wa kijiweni anapoachana na mshindani.

Una kadi 60, unaanza na saba mkononi. Kadi uliyoiweka nakala nne, ambacho ndicho kikomo, utaikuta kati ya zile saba kwa asilimia 40. Yaani katika michezo kumi, sita unaanza bila kadi unayoiita mhimili wa fungu lako. Ukiwa na kadi nane zinazofanya kazi ileile, unafika asilimia 65. Kumi na mbili, asilimia 81. Zitazame vizuri hizo hatua: nne za kwanza zimekupa 40, nne za pili zimekuongezea 25, nne za tatu 16 tu. Kila nafasi unayoijaza inakulipa kidogo kuliko iliyotangulia, na nafasi zako ni 60, haziongezeki. Kujenga fungu ni kujua wapi pa kuacha.

Chukua hesabu hiyohiyo uipeleke kwa Pokémon wa msingi, yaani wale wanaoshuka mezani moja kwa moja bila kukua kutoka kwa mwingine. Bila hata mmoja kati ya kadi saba huruhusiwi kuanza: unamwonyesha mpinzani kadi zako, unazirudisha, unachanga upya, naye ana haki ya kuchukua kadi moja ya ziada. Fungu lenye Pokémon wa msingi wanane litakufanyia hivyo mara 35 katika 100. Lenye kumi na wawili, mara 19. Hao vijana wako wanaolalamika kwamba karata zinawakataa, wahesabie mafungu yao; nina hakika utakuta saba au wanane. Na usidhani Poffin itakuokoa hapo. Poffin inatafuta Pokémon wadogo baada ya mchezo kuanza. Kabla haujaanza haina msaada wowote.

Halafu zile kadi sita za tuzo, zinazolala kifudifudi pembeni. Kadi uliyoiweka nakala moja tu ina nafasi 6 kati ya 60 ya kufungiwa humo. Mara moja katika kila michezo kumi, kwa wastani, ile kadi yako ya pekee unayoitegemea haipo kabisa ndani ya fungu, na wewe unapanga mambo ukidhani ipo. Nimeona watu wakipoteza mchezo mzima wakisubiri kadi iliyolala tuzoni tangu dakika ya kwanza.

Dawa yake ni zoezi moja, na ningekuwa na uwezo wa kukulazimisha jambo moja tu mwaka huu lingekuwa hili. Keti peke yako jioni. Changa fungu, chukua saba, weka sita pembeni. Kisha pekua zile 47 zilizobaki, na badala ya kutafuta unachotaka, tafuta kisichopo. Andika kwenye karatasi kadi sita unazodhani zimo kwenye tuzo. Funua, jisahihishe. Siku za mwanzo itakuchukua dakika tano na utakosa tatu kati ya sita. Usihesabu kadi zote. Hesabu kwa makundi, energy (kadi za nishati zinazolipia mashambulio) kwanza, halafu zile za nakala moja, halafu Pokémon. Fanya mara nne kila jioni. Kufikia Machi utakuwa unamaliza chini ya dakika moja, na mara ya kwanza mchezoni kadi yoyote inapokuruhusu kupekua fungu, utajua kitu ambacho mpinzani wako hajajua kuhusu fungu lake mwenyewe. Binti mmoja wa kidato cha tatu ninayemfundisha alianza hivi, hakuwa na kadi nzuri hata moja, na leo ndiye tunayemwogopa sote.

Tuje kwenye Jumamosi zenu. Saba ni idadi mbaya: kila mzunguko mmoja anakaa bure. Tafuteni wa nane. Mkiwa wanane, kila mtu akicheza na kila mtu ni mizunguko saba, mechi 28; mkirudiana ni mizunguko kumi na minne. Nimezihesabu Jumamosi kuanzia tarehe 3 Januari: ya kumi na nne ni tarehe 4 Aprili. Yaani ligi ya nyumbani na ugenini inaishia palepale herufi inapoelekea kutoka. Nusu ya kwanza chezeni na kadi mlizonazo. Nusu ya pili, kuanzia tarehe 21 Februari, chezeni kana kwamba G imeshaondoka. Wengine watakapoamka Aprili, ninyi mtakuwa na wiki saba mgongoni.

Najua Februari hiyohiyo, mwezi ukiandama, tunatarajia Ramadhani, na nusu ya kijiwe chenu huenda ni watu wa kufunga. Msiwachezeshe saa tisa alasiri na koo kavu, mtu aliyefunga anastahili mezani akili yake yote. Hamishieni asubuhi au baada ya tarawehe. Ligi inayompa mmoja faida kwa sababu mwenzake ana kiu haipimi kitu.

Na msisubiri kuwa na kadi ili mzijaribu. Hapa Tabora tunachukua karata za arubastini, kila karata tunaiingiza kwenye kifuko cha plastiki, na mbele yake tunaweka kipande cha karatasi chenye jina la kadi na maelezo yake. Kwa mazoezi ya watu wanaojuana hakuna anayedhurika, mradi karatasi hizo zisiuzwe wala zisiingie mashindano rasmi. Jumamosi tatu za kwanza za Januari cheza na fungu la karatasi la kile unachotaka kuagiza. Ukichoka nalo kabla ya tarehe 17, umeokoa akiba ya miezi minne kwa gharama ya daftari moja.

Daftari hilo uwe nalo la pili kwa ajili ya kumbukumbu. Kila mchezo mstari mmoja: tarehe, mpinzani ana fungu gani, nani alianza, nani alishinda, na wapi ulikosea. Nani alianza ni muhimu, kwa sababu anayeanza haruhusiwi kushambulia wala kutumia kadi ya Supporter, yaani ya msaidizi kama Boss's Orders, kwenye zamu yake ya kwanza, na kuna mafungu yanayoumia kwa hilo na mengine hayajali. Safu ya makosa ndiyo ngumu kuijaza, hasa ukishinda. Ijaze hata ukishinda.

Uvumilie kabla ya kusoma matokeo. Rusha sarafu mara kumi: nafasi ya kupata upande uliouchagua mara sita au zaidi ni karibu asilimia 38. Kwa hiyo anayeshinda michezo sita kati ya kumi hajakuonyesha kwamba fungu lake ni bora. Sarafu tupu inaweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja katika tatu. Na wewe ukipoteza sita kati ya kumi usibomoe fungu. Vijana wengi hubadili kadi kila wiki kwa sababu ya Jumamosi moja mbaya, mwisho wa mwaka hawajui kati ya mabadiliko ishirini lipi liliwasaidia. Badili kadi moja au mbili, kisha cheza thelathini.

Nadhani ugumu huu unatokana na malezi yetu ya bao. Kwenye bao la kiswahili kete 64 na mashimo 32 vyote viko wazi. Ukifungwa, umefungwa na mwenzako. Fundi akikuonyesha pale ulipoharibu, unapaona. Kadi hazina uungwana huo. Unaweza kucheza sawasawa ukapoteza, na unaweza kukosea vibaya ukashinda, kisha kosa likakaa nawe mwaka mzima limevaa nguo ya ushindi. Kwa hiyo baada ya kila mchezo, kabla hujasema karata zimekukataa, rudi zamu moja moja na umuulize aliyekufunga: hapa ungekuwa wewe ungefanya nini? Wazee wa bao pale Ujiji hufanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Nenda ukae nao jioni moja ukawasikilize wanavyobishana juu ya mchezo uliopita. Utajifunza namna ya kuzungumza na mpinzani wako.

Muda nao uwekwe. Mechi ya kushinda michezo miwili kati ya mitatu ina dakika 50. Muda ukiisha mkiwa sare mnapata pointi moja kila mmoja, na mshindi angepata tatu. Ninyi wa kijiweni mmezoea kufikiri mpaka chai ipoe. Wekeni kengele ya simu kuanzia Jumamosi ya kwanza.

Kama unajifunzia kwenye simu, fahamu unafungua nini. Pokémon TCG Pocket ni mchezo mwingine: fungu ni kadi 20, nakala mbili tu za kila kadi, na mshindi ni wa pointi tatu. Ni mzuri wa kupitisha muda kwenye foleni, lakini hesabu zote nilizokupa hapo juu hazipo humo, na tabia utakazozichukua humo zitakuumiza mezani. Ule unaofanana na mchezo wa meza, kadi 60 na tuzo sita, ni Pokémon TCG Live, nao ni wa bure.

Wenzako wakikuuliza habari za michezo mingine ya kadi, kwa kifupi. Magic inafungua mwaka na seti ya Lorwyn Eclipsed tarehe 23 Januari, na huko hatari kubwa ni marufuku: Vivi Ornitier ya seti ya Final Fantasy ilitoka Juni 2025, watu wakainunua kwa bei ya juu, Novemba mwaka huohuo ikapigwa marufuku kwenye Standard ya huko. Yu-Gi-Oh haina herufi za kutoka, ila orodha yake ya kadi zilizozuiwa hubadilika, kwa hiyo kanuni ya kutonunua kwa pupa ni ileile. Mchezaji wake akikuambia kadi 40 au 60 ni sawa tu, mwambie kadi ya nakala tatu huonekana kwenye tano za mwanzo kwa asilimia 34 katika fungu la 40, na asilimia 23 katika la 60.

Mama sasa. Usimjibu kama mtu anayebishana naye, kwa sababu swali lake ni la haki. Kamari ina mambo mawili: unaweka mali, na bahati inaamua nani aichukue. Kwenye ligi yenu lile la kwanza lisiwepo kabisa. Hata soda. Hata "anayefungwa ananunua vocha". Siku mtakapoweka soda mezani, mama atakuwa amesema kweli na sitakuwa na neno la kukutetea. Na kuna upande ambao ameuona vizuri kuliko wengi wetu: kununua pakiti iliyofungwa, ukitoa pesa bila kujua ndani mna nini, ukifungua ukakosa ukarudi dukani kwa nyingine, hilo limekaribia kamari kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Nimemwona mtu mzima na mshahara wake akifungua pakiti mpaka mikono ikamtetemeka. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kukuambia kaka asilete pakiti. Mwambie mama hivyohivyo, kwamba umekubaliana naye katika hilo. Kisha mpe lile daftari alione, lenye tarehe na makosa yako. Mwanamke anayeendesha biashara ya dagaa kwa daftari ataelewa daftari. Na Jumamosi yenye mzigo wa kuanika, kaanike kwanza.

Umesema unataka kuwa mshindani kweli, kwa hiyo nisikufiche ukubwa wa njia. Mashindano ya dunia ya Pokémon yalianza 2004 kule Orlando; ya mwaka 2026 yatakuwa San Francisco, mwaka ambao Pokémon yenyewe inatimiza miaka 30 tangu 1996. Mlango wake ni pointi zinazokusanywa kwenye mashindano rasmi, makubwa yake yakiwa Marekani, Ulaya, Amerika Kusini na Australia, na kwa miaka yako 19 utaingia kundi la wakubwa, Masters. Kutoka Mwanga hiyo ni nauli ya ndege zaidi ya moja, na sitakupa ndoto ya kukopea. Lengo la 2026 liwe lile ambalo daftari linaweza kulipima: kutaja tuzo sita bila kukosa, kumaliza mechi ndani ya dakika 50, na michezo mia mbili iliyoandikwa. Mtu mwenye hayo akipata nauli mwaka wowote, ataketi mezani na yeyote.

Wa nane akikosekana kabisa niandikie, maana kuna kijana wa kwetu Urambo amehamishiwa kazi huko kwenu na anatafuta watu wa kucheza nao. Orodha ya kaka nitumie Jumapili ya tarehe 18 Januari, nikusaidie kukagua herufi kabla pesa haijatoka. Na ligi yenu ikiisha na Pasaka ikapita, sisi wa Tabora tupo kumi na mmoja. Tutapanda treni wanne, tushuke Kigoma Ijumaa, tucheze Jumamosi kutwa. Mazoezi ya kutaja tuzo tutayafanya kwa saa, mbele ya wote, na yule binti wa kidato cha tatu nitamwombea ruhusa kwa wazazi wake aje.